Mbao Iliyofichwa

Tulirudi kutoka Kongo katikati ya miaka ya 1980, baada ya vita vya 1979 na yale yaliyofuata kuiacha West Nile, Uganda, karibu tupu, na kazi ya kwanza niliyopata haikuwa Arua mjini bali chini mtoni, Rhino Camp. Zamani pale palikuwa bandari yetu. Meli iliyoitwa Lugard ilipita ikielekea Nimule, na pamba ya wilaya ikapakiwa gatini. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, na daraja likajengwa baadaye, mizigo mikubwa ikauhama mto. Niliowakuta mimi ni wavuvi, wavushaji na mzee mmoja Mjonam aliyeunda na kukarabati mitumbwi yao. Yeye ndiye aliyenitia tezo mkononi.

Mitumbwi ile ilikuwa ya mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma. Kati ya ubao na ubao tulisindilia pamba kwa patasi butu, kisha juu ya mshono tukapigilia utepe wa bati, mara nyingi bati la kopo la mafuta ya msaada lililonyooshwa, maandishi ya wafadhili yakisomeka bado ubavuni mwa chombo. Kila kiangazi kikikolea mzee aliamuru mtumbwi upinduliwe ufukweni na bati lote ling'olewe, hata pale pasipovuja. Wenye vyombo walinung'unika, maana misumari mipya ni pesa. Hakuwajibu. Alichukua kisu chembamba akachoma ubao chini ya kila utepe. Kikizama bila kusita, ubao ule ulikatwa siku hiyohiyo.

"Kijana," aliniambia, "bati halizuii maji. Linayafungia ndani."

Amani ya Sudan ilipotiwa saini mwaka 2005 nilihamia Koboko. Malori yalipita yakielekea Oraba, kisha Yei na Juba, na mengi yalihitaji bodi za mbao. Mbao zilitoka Kongo, hasa libuyu, nyekundu na nzito, ambayo wafanyabiashara wengine waliipeleka moja kwa moja hadi Ndeeba, Kampala. Karibu kila mteja alitaka sakafu ifunikwe kwa bati ili magunia yateleze vizuri. Baada ya misimu michache ya mvua malori yaleyale yalirudi, bati likiwa linang'aa na mbao chini yake zimekwisha. Mvua iliingia kwenye matundu ya misumari, ikakosa pa kutokea. Ukungu unaokula mbao una masharti mepesi: hewa kidogo na unyevu wa kudumu. Ubao mkavu hauugusi, na ule uliozama majini kabisa huushinda kwa muda mrefu kwa kukosa hewa. Ubao uliofunikwa ukabaki na unyevunyevu ndio karamu yake. Nikamkumbuka mzee, nikaanza kuwashauri wateja waache sakafu wazi. Wachache walikubali.

Kisha mambo yakageuka. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, ikapata lami, lakini Julai 2016 mapigano yaliyoanzia Juba yalisambaa mpaka Yei, na waliovuka Oraba sasa walikuwa wakimbizi wenye magodoro vichwani. Malori yalipungua, na hayo machache yaliyobaki yalipenda bodi za chuma. Nikafunga vifaa vyangu nikarudi Arua.

Huko ndiko nilikoletewa boti ya faiba, imepakiwa juu ya lori kutoka Rhino Camp. Vijana wa gereji walikusanyika kuicheka: chombo cha majini katikati ya vumbi la Arua, mbali na mto, kinatafuta daktari kwa mtu wa bodi za malori. Mwenyewe, hajji mmoja mfanyabiashara, aliinunua ikiwa kuukuu. Ukuta wa tezi, ule unaobeba injini, ulikuwa unayumba kila injini ikiongezwa moto, na kwenye boliti yalichirizika maji meusi.

"Fundi," alisema kwa uchungu, "nilinunua faiba ili nisionane tena na seremala."

Aliyemwuzia hakumdanganya aliposema faiba haiozi. Haiozi kweli. Tangu Wamarekani waanze kuunda vyombo hivi miaka ya 1940, sifa hiyo ndiyo iliyoviuza. Kinachosahaulika ni kwamba ganda moja jembamba la faiba hunepa, na kulifanya nene kote ni gharama na uzito. Kwa hiyo waundaji hufanya maganda mawili na katikati wakaweka kitu chepesi: plaiwudi, mti laini wa balsa, au sponji ngumu. Kadiri maganda yanavyotenganishwa ndivyo ukuta unavyokuwa mgumu. Kiini kikioza, maganda hubaki kila moja peke yake, na ukuta uliokuwa mmoja unakuwa karatasi mbili.

Niliigonga boti ya hajji kwa mpini wa nyundo kuanzia ukingoni. Palipo pazima palijibu kwa mlio mkavu. Kuelekea kwenye boliti sauti ikafa. Nikatoboa tundu dogo: keekee ilileta unga mweusi, umelowa. Sikuhitaji ushahidi mwingine, lakini hajji alihitaji, akachovya kidole, akanusa, akakaa kimya.

Ganda tulilikata upande wa ndani, grainda ikiingia kwa kina kidogo tu, ili ganda la nje libaki zima na kulinda umbo la boti. Lilipoinuka, plaiwudi ilikuwa laini kama muhogo uliovundikwa. Tuliichota kwa mwiko. Kosa lilionekana wazi: aliyefunga injini alitoboa matundu akapitisha boliti kwenye mbao tupu, bila kuziba chochote. Maji yalianzia hapo, yakafuata nyuzi za mbao hadi pembeni.

Kukausha ndiko kulikomkera hajji. Alitaka tufunge upesi arudi mtoni. Nilikataa, kwa sababu kufungia unyevu ndani ya faiba mpya ni kupanda upya kilekile tulichokitoa. Jua la Januari lilitusaidia. Plaiwudi mpya niliikata kwa kufuata kipande cha boksi, nikaipaka rezini pande zote na zaidi kwenye kingo, ambako mbao hunywa kama ina kiu, kisha nikailaza juu ya rezini iliyozitishwa kwa unga na kuibana. Kingo za faiba ya zamani tulizisaga kwa mteremko mrefu, mara kumi na mbili ya unene: ganda la milimita 5 hupewa mteremko wa milimita 60 hivi, ili kiraka kishike sehemu pana badala ya kutegemea ukingo. Rezini ya magereji ya magari huchanganywa na kigandishi cha asilimia 1 hadi 2, na kwa joto la Arua ukikizidisha kidogo tu kopo linagandia mkononi, basi tulifanya kazi alfajiri. Vumbi la faiba huwasha kuliko upupu. Vijana waliokuja kucheka walivaa vitambaa puani wakasaidia.

Matundu ya boliti niliyatoboa makubwa kupita kiasi, nikayajaza rezini iliyozitishwa, na ilipoganda nikatoboa upya katikati yake. Boliti ikapita bila kugusa mbao popote. Hilo ndilo lililopaswa kufanywa tangu mwanzo, na halikuhitaji ufundi mkubwa, ila mtu aliyeamini kwamba mle ndani kuna mbao.

Naona tumeingia hasara moja tulipoacha mitumbwi ya zamani. Mtumbwi wa mzee ulivuja, na kwa kuvuja ulimlazimisha mwenyewe aufungue kila mwaka. Boti ya faiba inapendeza machoni hadi siku ukuta unapobaki na injini kwenye mkondo wa mto. Kwa hiyo nimemwekea hajji masharti: kila kiangazi ailete, nifungue boliti mbili, nichungulie, nigonge kuta zote. Analipa huku akilalamika bei. Safari hii ameleta na boti ya shemeji yake, ambayo shemeji anaapa haina kipande cha mbao ndani.

Nimeigonga. Ina.