Bustani ya Al-Azhar na Jirani wa Nyuma ya Ukuta

Mashariki ya mji mkongwe wa Cairo, katika nchi ya Misri, palikuwa na vilima viitwavyo Darrasa. Havikuwa vilima vya asili. Vilikuwa ni taka na vifusi vilivyotupwa hapo kwa muda wa miaka 500. Mwaka 1984 Aga Khan wa Nne, aliyefariki mwaka 2025, aliahidi kuupa mji huo bustani mahali pale, na mwaka 2005 Bustani ya Al-Azhar, yenye ukubwa wa hekta 30, ilifunguliwa kwa watu wote.

Kazi haikuwa nyepesi. Udongo ulijaa chumvi, ikabidi utengenezwe kwanza ndipo miti ishike. Tena palijengwa hapo matangi matatu ya maji ya mji, kila moja lenye upana wa mita 80. Yakafukiwa, na juu yake pakapandwa bustani, hata mwenye kutembea hajui kwamba akanyaga paa.

Majengo nayo hayakuachwa yajitukuze. Mkahawa wa kilimani una matao na nyua za ndani, kwa mfano wa majumba ya kale ya Cairo, na njia kuu yapita baina ya safu za mitende. Mtu akiinua macho huiona Ngome na minara ya misikiti, kana kwamba nayo imeota humo bustanini.

Lakini jambo kubwa li upande wa magharibi. Huko ulifukuliwa ukuta wa Sultani Salahuddin, wa karne ya 12, urefu wake yapata kilomita moja na nusu. Nyuma yake ni mtaa wa Darb al-Ahmar, wenye mafukara wengi, na nyumba nyingine zimeuegemea ukuta wenyewe. Ingalikuwa rahisi kuzibomoa ili bustani ipendeze. Badala yake nyumba kadhaa za mtaa zilitengenezwa, msikiti wa Umm al-Sultan Shaaban ukakarabatiwa, na vijana wakafundishwa useremala na uashi.

Hata hivyo, bustani iliwekewa kiingilio. Fedha hizo zasaidia matunzo. Lakini kwa baba mwenye watoto sita, hata kidogo huhesabika. Haki ya jirani, ambayo twawafundisha watoto wetu vyuoni, yamhusu na mjenzi pia. Ajengaye mahali pazuri kando ya maskini hana budi kuhakikisha kwamba jirani aliye nyuma ya ukuta naye ana mlango.