Sentensi ya Mtoto Mwenyewe

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi wilayani Bariadi wakati eneo lile bado liko mkoa wa Shinyanga. Mkoa mpya wa Simiyu ulipozaliwa 2012, nilikuwa nimeshazoea vumbi, mashamba ya pamba na salamu ya "mwangaluka" kila asubuhi. Nilipewa Kiingereza, somo ambalo walimu wengi walilikwepa.

Watoto wangu wa darasani waliongea Kisukuma nyumbani. Kiswahili walikikuta shuleni, na kabla hakijawakolea, Kiingereza kikafuata. Kisukuma hakina sauti ya "r", na Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Basi mtoto aliposikia rice aliandika "laisi". House ikawa "hausi". Baadhi ya walimu waliita huo uzembe. Kwangu ilikuwa akili timamu: mtoto ametumia kanuni tuliyomfundisha wenyewe. Hata yule aliyeandika "my mother he cook" alikuwa na sababu, maana kwetu baba anapika na mama anapika, kitenzi hakibadiliki.

Kilichoniumiza ni kunakili. Mtoto alijaza daftari zima kwa mwandiko mzuri kutoka ubaoni, lakini ukimwambia aandike jambo lake, peni inaganda. Na mtihani wa darasa la saba, uliokuja kusahihishwa kwa mashine tangu 2012, ulimtaka atie kivuli kwenye herufi ya jibu. Aliweza kufaulu bila kutunga sentensi hata moja, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote akayakuta kwa Kiingereza.

Kwa hiyo nilianza na mdomo. Msimu wa kuchuma pamba niliwaacha wasimulie ya shambani kwa Kiswahili, na aliyekwama alisema kwa Kisukuma, darasa likamsaidia. Maneno machache niliyaandika ubaoni: pick, cotton, sack. Ndipo wawili wawili wakatunga, wakasomeana kwa sauti. Siku tulipogusa ngoma, ubishi wa Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, uliwasha darasa. Hata wale wakimya waliomba karatasi, kila mmoja akitetea upande wa kwao.

Kusahihisha nako kuna utu wake. Wiki moja nilitazama herufi kubwa na nukta tu, wiki nyingine he na she. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika kidogo zaidi, ili akosee kidogo zaidi. Darasa lilifurika, hivyo nilikusanya madaftari ya mstari mmoja wa madawati kwa zamu, na waliobaki wakasomeana kazi zao wenyewe.

Mtaala ulioanza kutumika 2024 unaleta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ninyi walimu vijana mnaoripoti Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nawaomba: kabla kipindi hakijaisha, kila mtoto awe ameandika sentensi moja iliyotoka kichwani mwake. Isomeni mbele yake, mjibuni alichosema, kisha ndipo mshike peni nyekundu.