Kufunga Chuma: Tawasifu ya Fundi Rangi wa Kibondo na Kasulu

Ufundi wa kuziba mibanduko ya rangi kwenye magari, yaani zile alama ndogo zinazobaki kokoto inapopiga bodi na kung'oa rangi hadi kwenye bati, hauelezeki katika nyanda za juu za Kigoma bila kuielezea kwanza barabara, kwa kuwa ndiyo iliyoileta kazi hiyo, ikaipa misimu yake na baadaye ikaibadilisha. Kwa miaka mingi njia itokayo Nyakanazi, ikapita Kibondo na Kasulu na kushuka hadi Kigoma, ilikuwa ya changarawe na udongo mwekundu, na gari lililoipita lilijipiga lenyewe: magurudumu ya mbele yaliokota kokoto na kuzirusha nyuma, kwenye madigadi, chini ya milango na kwenye kona za bodi zilizo mbele ya magurudumu ya nyuma, sehemu ambazo mwenye gari hana desturi ya kuinama na kuzitazama.

Mtu anayeinama huko ni mwosha magari, na ndivyo mwandishi wa maelezo haya alivyoingia katika ufundi huu. Alikuwa kijana wa ndoo na kitambaa mjini Kibondo katika miaka iliyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, wakati wakimbizi walipomiminika wilayani na majina ya Kanembwa, Mtendeli na Nduta yakawa majina ya kambi, huku upande wa Kasulu kambi ya Nyarugusu ikianza kupokea Wakongo mwaka 1996. Mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser nyeupe nyingi, na pamoja nazo karakana. Katika mojawapo ya karakana hizo, ambayo si lazima itajwe, mwosha magari alipewa kipande cha msasa na mzee mmoja fundi bodi kutoka Ujiji, aliyekuwa amechoka kuonyeshwa kutu na kijana asiyejua la kuifanya.

Fundisho la mzee huyo lilianza na tabaka. Rangi ya gari, kama alivyoieleza na kama vitabu vinavyothibitisha, si kitu kimoja: juu ya bati kuna prima, ambayo ni rangi ya chini inayoshikana na chuma na kukinga kutu; juu ya prima kuna rangi yenyewe; na kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni kuna klia, tabaka angavu lisilo na rangi linalotoa mng'ao. Vyote kwa pamoja kwa kawaida havizidi mikroni 150, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, hivyo kinachotenganisha chuma na mvua ya masika ni unene unaokaribia sehemu ya kumi ya milimita. Kokoto ikifika kwenye bati, maji na hewa huanzisha kutu ambayo haikai pale ilipoanzia bali hutambaa chini ya rangi nzima iliyo kando, ikaiinua, na mwaka mmoja baadaye doa lililokuwa dogo kuliko punje ya mtama huwa malengelenge yenye upana wa kiganja. Ndiyo maana mzee alirudia kila siku neno moja, "Funga chuma, mdogo wangu," na hakuwahi kumpongeza mtu kwa rangi iliyolingana.

Mwandishi anaamini kwamba maelekezo mengi kuhusu kazi hii yanakosea hapo, kwa sababu yanalenga kuficha doa, ilhali katika wilaya hizi shabaha ya kwanza ni kuzuia kutu. Jambo hilo huonekana wazi zaidi kwenye magari yanayobeba chumvi ya Uvinza, na kwenye pikapu zinazopandisha dagaa kutoka ziwani, kwa kuwa unyevu, na zaidi maji ya chumvi, huharakisha kutu. Gari la namna hiyo likitiwa rangi nzuri juu ya kutu iliyoachwa, mwenye gari amelipia pazia.

Kazi yenyewe hufanyika uani, na vifaa vyake ni vichache. Bodi huoshwa kwa sabuni, ikakaushwa, kisha eneo linalozunguka doa hupanguswa kwa petroli kidogo ili kuondoa mafuta na nta. Kutu hukwanguliwa kwa ncha ya wembe mpaka chuma king'ae, na kingo za rangi zilizoinuka hukatwa, kwa maana ukingo usioshikamana na bati ni mlango wa maji. Msasa namba 800 hukunjwa ukazungushwa kwenye kitako cha penseli, ili uguse doa tu na usikwaruze rangi nzima. Prima hutiwa kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa: tone hushushwa katikati ya shimo na kuachwa litambae lenyewe hadi kingoni, wala halipakwi. Baada ya prima kukauka, rangi hufuata kwa namna hiyo hiyo, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiriwa ikauke, hadi kiini cha doa kiinuke kidogo kuliko uso wa bodi. Siku kadhaa baadaye kinundu hicho husuguliwa kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, juu ya kipande kidogo cha raba ngumu, na mwisho hupitishwa kompaundi, ambayo ni uji wa chembe laini za kusugulia, kwa kitambaa cha pamba.

Hali ya hewa ndiyo inayotawala ratiba. Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kibondo ni juu zaidi, hivyo alfajiri ya kiangazi bodi huwa na umande na kufikia mchana upepo huinua vumbi jekundu. Saa za kufaa ni zile chache zilizo kati ya umande na vumbi. Wakati wa mvua tatizo ni jingine: thina, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, inapoyeyuka hewani hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa ukageuka matone juu yake, na rangi ya selulosi ikakauka ikiwa na ukungu mweupe ndani yake. Dawa ni thina inayokauka polepole, au subira, na wateja wengi hawana hiyo ya pili.

Kuhusu kulinganisha rangi, magari ya mashirika yalikuwa shule nzuri, kwa kuwa mengi yalikuwa na nyeupe ile ile ambayo Toyota huitambulisha kwa namba 040 kwenye kibati cha gari. Hata hivyo nyeupe ya kopo si nyeupe ya gari lililokaa juani, na hilo lilidhihirika magari hayo yalipouzwa kwa mnada na nembo zake kubanduliwa milangoni: chini ya stika palibaki kivuli cha nembo, cheupe kuliko mlango wote, na wanunuzi wakataka kifutwe. Mwandishi alijifunza kuusugua kwanza mlango wote kwa kompaundi, ili rangi ya kweli itoke chini ya rangi iliyochakaa, na baada ya hapo kuongeza kwenye kopo chembe ya njano na ncha ya njiti ya nyeusi, akilinganisha kivulini na juani. Kwa rangi ya fedha hakuna ujanja wa namna hiyo, kwa sababu chembe za alumini zilizomo ndani yake hulala vingine zinapodondoshwa kuliko zinapopulizwa, na doa lililozibwa vizuri kabisa bado litaonekana mtu akisimama upande wa pili.

Lami ilipokuja kwa vipande, Kidahwe hadi Kasulu kwa upande mmoja na Nyakanazi hadi Kabingo kwa upande mwingine, madoa yalihama. Magari yalianza kwenda mbio nyuma ya malori, na kokoto zilizorushwa na gari la mbele zikapiga boneti na kioo, mahali panapoonekana, hivyo watu ambao hawakuwahi kujali kutu ya chini ya mlango walianza kuleta magari yao wakiwa na haraka. Vijana wa gereji hupendelea kupuliza boneti nzima kwa rangi yenye hadina, kichocheo cha kuikausha, ambacho katika rangi nyingi za leo kina aisosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu, nao huipuliza wakiwa wamejifunga leso puani, kinga ambayo haizuii chochote. Mwandishi, ambaye sasa yuko Kasulu, amebaki na njiti na makopo madogo, na kabla ya kufungua kopo lolote hukubaliana na mteja mambo mawili: kwamba gari la rangi ya fedha litabaki na alama, na kwamba gari, liwe la rangi yoyote, halitaoshwa kwa wiki nzima.