Kabati jeusi la Ndosho

Goma – Katika mtaa wa Ndosho, fundi mmoja wa mbao alipewa kazi ambayo hakuwa ameizoea: kutengeneza kabati la mchezo wa video. Kulijenga hakukumsumbua, maana huko Sake alitengeneza vitanda na milango kwa miaka mingi. Televisheni inakaa juu, mashine ya mchezo inafungiwa ndani kwa kufuli, na mbele kuna kimeza chenye vifungo vya kubonyeza. Tripleksi aliikata na kuigongomea kwa siku mbili. Lakini mwenye sali ya mchezo aliweka sharti: kabati liwe jeusi, laini, ling'ae kama gari jipya. Nusu ya pesa alitoa, nusu nyingine baada ya kuona.

Nusu hiyo ilikuwa imeshapangiwa. Familia ilikimbia Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, ikakaa kambini, kisha kwa shemeji, na sasa mwenye nyumba anangoja garanti ya miezi mitatu.

Basi fundi akafanya haraka. Alipaka rangi ya mafuta nje, saa tisa mchana, kando ya barabara, safu moja nene ili amalize. Anayeijua Goma ameshacheka. Mapikipiki yalipita, vumbi la mawe ya volkano likaja kulala juu ya rangi mbichi. Jioni kabati lilijaa chunusi. Ubavuni rangi ilitiririka kama machozi. Kingo za tripleksi zilikunywa rangi yote zikabaki na nywele. Kesho yake alijaribu kusugua kwa msasa, lakini juu palikuwa pakavu na chini bado pabichi. Rangi ikajiviringisha, msasa ukaziba.

"Papa, hii ni mlango wa choo," mwenye sali alimwambia. Alimpa mwezi mmoja.

Mke wake ndiye aliyesema: "Baba watoto, si kuna bashi?" Ile ile iliyokuwa paa lao kambini, sasa inafunika jiko. Waliitundika ndani ya karakana kama kichumba, wakamwaga maji sakafuni ili vumbi lisiamke.

Fundi alikwangua yote, akaanza na mbao. Kingo alizipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, mara mbili, ili zisinywe tena. Matundu ya misumari alijaza mastiki. Alisugua kwa msasa namba 120, kisha 220, akiwa ameufunga kwenye kipande cha mbao bapa, kwa sababu vidole huacha mabonde. Ikafuata rangi ya chini, safu mbili, akizilainisha kwa namba 320. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi mjini hulaumu rangi ya mwisho, kumbe rangi inayong'aa inaonyesha tu kilichoko chini yake. Na nyeusi haina huruma: mwanga ukipiga kwa pembeni, hata mkwaruzo wa ukucha unaonekana.

Rangi ya kung'aa aliichuja kwa soksi ya nailoni. Alipaka alfajiri, kabla mapikipiki hayajaamka, ubao ukiwa umelazwa ili rangi ijisawazishe yenyewe. Safu tatu nyembamba. Kati ya safu na safu alingoja siku mbili, akasugua kidogo kwa namba 400 na maji, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kisha akaacha kabisa, wiki mbili. Hiyo ndiyo sehemu iliyomuuma. Mwenye nyumba alibisha hodi mara mbili, na kabati limesimama pale, kwa macho limekamilika. Watoto walikatazwa hata kupumua karibu nalo. Rangi ya mafuta ikiguswa kabla haijakomaa, kazi inarudi mwanzo, na mwezi wa pili hakupewa.

Mwishoni alisugua kwa msasa namba 1000, halafu 2000, kwa maji ya sabuni. Kabati likawa la kijivu, limefifia, mke akashika kichwa. Halafu dawa ya kung'arishia magari, kitambaa laini, mkono ukizunguka asubuhi nzima. Weusi ukarudi, safari hii na dirisha ndani yake.

Mwenye sali alikuja, akawasha taa ya simu, akaipitisha ubavuni taratibu akitafuta chunusi. Aliona uso wake. Akahesabu pesa bila kusema neno.

Karibu na bawaba ya chini kuna punje moja ya vumbi. Fundi anaijua. Mvua ilikuwa inakuja, akarudisha bashi juu ya jiko.