Rangi Huulizwa Ukutani

Rangi ya dukani na rangi ya ukutani ni ndugu wasiofanana. Kile kikaratasi unachoonyeshwa ni kidogo. Chumbani rangi ileile huonekana imekolea zaidi, kwa kuwa kuta nne hurudishiana mwanga. Chokaa nayo ikiwa mbichi hukoza, ikikauka hufifia. Kwa hiyo mimi hununua kopo dogo kwanza, nikapaka kiraka cha mita moja, mikono miwili, kisha nikakitazama asubuhi, adhuhuri, na usiku kwa mwanga wa taa.

Tulipopaka chumba cha mama, ambaye nuru ya macho yake ilikuwa imepungua, viraka vitatu vilikaa ukutani siku nne. Rangi ya maziwa ilitupendeza sote, lakini jioni mlango mweupe ulipotelea humo, na mama akawa anaupapasa. Ukuta tukauacha na rangi yake ya maziwa. Miimo ya mlango tukaijaribia buluu iliyoiva. Jioni ile mama aliuendea mlango moja kwa moja.

Kumbe rangi kupatana si kufanana. Ni kila moja kuiachia nyingine nafasi ya kuonekana, na hakimu ni mwenye chumba.