Kiondo cha Mathe Kilikataliwa Getini

Wasee, sikieni hii. Mathe alienda Marekani kumwona bro chuoni, wakaenda mechi ya futiboli ya kule, ile ya helmeti. Getini kiondo kikakataliwa. Viwanja vingi vya vyuo huko vinataka mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu ndani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea 2017, na mathe akanunuliwa mmoja hapo hapo!

Nilicheka, hadi bro akatuma picha. Ndani ya mfuko, wazi kabisa, dawa za presha. Sisi watoto wake hatukujua.

Nikampigia. “Sikutaka muwe na wasiwasi,” akasema.

Usalama ni muhimu, sikatai. Lakini dawa za mtu zikaguliwe kando. Siri ilikuwa ya mathe kuitoa, si ya geti.