NILIKWENDA KUUTAFUTA MTAA WA WACHINA

Waliosema tembea uone hawakukosea hata chembe. Mimi nilitembea, lakini niliyoyaona siyo niliyokwenda kuyatafuta.

Kisa chenyewe kilianzia hapa hapa Kagio, siku ya kufunga shule. Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alimtaka kila mmoja wetu aandike juu ya mahali ambapo wenzake hawajafika. Kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nilijigamba mbele ya wenzangu kwamba nitawaletea habari za mtaa wa Wachina wa Nairobi. Nilikuwa nimeona picha za mitaa ya aina hiyo ng'ambo. Kule San Francisco, Marekani, kuna lango lenye sanamu za majoka lililojengwa mwaka wa 1970. London nako kuna barabara ya Gerrard iliyotundikwa taa nyekundu. Basi nikadhani Nairobi pia pana lango, nami nitasimama chini yake kama mfalme.

Mjomba wangu ni mchuuzi wa mboga. Hununua nyanya, mishiri na karela sokoni Kagio, akazipeleka Nairobi kwa pikapu yake. Nilipomweleza haja yangu alicheka hadi akajishika mbavu.

"Lango? Sikiza kijana. Ukitaka kujua watu wanaishi wapi, usiulize lango. Uliza wananunua mboga wapi. Jumamosi tutaenda na wewe."

Siku hiyo jogoo aliwika tukiwa tayari njiani. Tulishika ile barabara pana ya Kenol hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, ambayo kampuni za Kichina zilipewa kazi ya kuijenga. Nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukisimama kando yake pale Sagana tukiwa shule ya msingi. Tuliwapigia kelele mafundi waliovaa kofia ngumu, "Mchina! Mchina!" kisha tukatimua mbio tukicheka. Kutoka Thika tuliingia barabara kuu iliyofunguliwa mwaka wa 2012. Hiyo nayo ilijengwa na Wachina.

"Barabara zao tunazijua," mjomba alisema, "lakini wao wenyewe hatuwajui hata jina."

Nyanya tuliziteremsha Marikiti. Zikabaki kreti tatu za kabichi za Kichina, zile ndefu zenye majani mepesi, pamoja na dania na vitunguu vya majani. Tukapanda nazo hadi Hurlingham, tukaingia Kilimani.

Nilitoa kichwa dirishani nikitafuta lango. Wapi! Niliona magorofa marefu, kuta ndefu na mabawabu wameketi kwenye viti vya plastiki. Nilivunjika moyo. Lakini kadiri tulivyokwenda polepole ndivyo macho yalivyozoea. Hapa kibao chenye maandishi mekundu ya Kichina, pale kinyozi, mbele kidogo duka lililojaza mifuko ya tambi na chupa za mchuzi mweusi. Bawabu mmoja alimsalimu mama aliyetoka dukani, "Nihao, mama!" Yule mama akamjibu, "Mzuri sana!" Mtaa ulikuwepo. Haukuwa na mlango tu.

Mjomba aliegesha gari nyuma ya mkahawa mmoja, penye mlango wa jikoni. Ndani, wazee wanne walikuwa wakicheza mchezo wa vigae. Walivigonga mezani kwa kishindo, wakabishana, wakacheka, sawasawa na wazee wetu wa drafti pale stendi ya Kagio. Mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyefunga aproni, alitoka akainama juu ya kreti zetu. Akachukua kabichi moja, akaanza kuifunua jani baada ya jani.

Hapo ndipo nilipojiponza. Nikidhani hasikii, nilimnong'oneza mjomba, "Atatafuta nini humo? Si hawa hula nyoka?"

Mama yule hakuinua kichwa. Alisema, "Hapana nyoka. Lakini kabichi yako iko na dudu."

Akaninyoshea lile jani. Na kweli, kiwavi mnene wa kijani alikuwa amejikunja pale, ametulia kama mwenye nyumba!

Wapishi waliangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini kilichoniumiza zaidi ni uso wa mjomba. Hakucheka. Hakunikaripia. Alikuwa akizitazama kreti zile tatu, nami nilijua hesabu yake: fedha hizo ndizo zilizokuwa zijazie karo yangu. Mteja huyo alikuwa amemtafuta kwa mwaka mzima, akirudi na kurudi kwenye mlango ule. Nami nilikuwa karibu kumpoteza kwa maneno saba.

"Samahani, mama," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa chekechea.

Alinitazama sana. "Mimi miaka tisa hapa Nairobi," alisema. "Kila mtu anauliza nyoka. Hakuna mtu anauliza jina."

Akapunguza bei ya kreti moja kwa sababu ya dudu, akalipa, kisha akatuletea bakuli mbili za supu ya tambi. Mjomba alikula kimya. Mimi kila kijiko kilinikwama kooni, ingawa supu yenyewe ilikuwa tamu ajabu. Tulipoaga, nilimwuliza jina. Aliniambia. Sitaliandika hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini ninalikumbuka.

Kabla ya kurudi nyumbani mjomba alinipitisha Tea Room, katikati ya jiji, zinapopakia matatu za kwetu. "Nilipokuja Nairobi mara ya kwanza," aliniambia, "waliniita 'mtu wa mchele'. Jumapili nilikuwa nakuja hapa, sina safari. Nasikiliza tu makanga wakiita Kagio, Kutus, Kerugoya. Sasa umeelewa wale wazee wa vigae?"

Nilielewa.

Baadaye nilisoma kwamba ugeni huu si wa jana. Katika karne ya 15 merikebu za Zheng He zilifika Malindi, na mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Kisiwani Pate wako wenyeji wanaosimulia kwamba babu zao walikuwa mabaharia Wachina ambao chombo chao kilivunjika. Mwaka wa 2005 binti mmoja wa huko, Mwamaka Sharifu, alikwenda China kusoma. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, mahali pa kujifunza Kichina. Miaka 600 ya kutembeleana, nami nilikuwa bado kwenye nyoka!

Basi wenzangu, ahadi yangu ya lango sikuitimiza, na mnaweza kunicheka. Mkifika Kilimani msitafute majoka ya mawe. Tafuteni duka la mboga, sikilizeni vigae vinagongwa wapi. Na mkisikia mtu anapekua kabichi yenu, ngojeni kwanza aseme aliloliona.

Mjomba bado hupeleka kabichi kwenye mlango ule. Siku hizi, kabla hajaondoka Kagio, mimi ndiye ninayezifunua jani baada ya jani.